Tajiri Anayejiita Mtumishi



Mwezi uliopita nilikwenda katika shamba moja la chai kuandikisha wanachama. Shamba lenyewe silitaji, na mwenye shamba simtaji, kwa kuwa mazungumzo kati yake na chama hayajaisha. Tulikaa chini ya mti karibu na banda la mizani, watu kama sitini, wengi wao akina mama wachumaji. Nikaeleza kazi ya chama, ada ya kila mwezi, na faida ya kuwa na mkataba. Nilipomaliza, mzee mmoja akasimama, akavua kofia yake, akasema:

"Ndugu katibu, tunakushukuru kwa kuja. Lakini tajiri wetu ni mtu wa Mungu. Kila Jumatatu anasali pamoja nasi kabla ya kazi. Mke wangu alipougua, gari lake ndilo lililompeleka hospitali, na hakunikata hata senti. Yeye mwenyewe anatuambia kwamba si bwana wetu, ni mtumishi wetu. Sasa chama cha nini?"

Watu wengi wakaitikia. Nakiri kwamba sikuwa na jibu la maana. Nilisema maneno yale tunayoyasema siku zote, ya haki na sheria, nikaona wazi kwamba hayaingii. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekalia kikapu chake akasema kwa sauti ndogo, "Basi huyo mtumishi wetu atugeuzie mizani nasi tuione." Watu wakacheka, na mkutano ukaisha kwa kicheko hicho.

Wasiojua kazi ya chai niwaeleze. Mizani ya shamba lile imetazama kwa karani, mchumaji yuko upande wa nyuma. Kila anapopima, karani anakata kilo mbili, eti ni uzito wa kikapu na maji ya umande. Kikapu kitupu nilikiinua kwa mkono wangu, na hakifiki kilo moja. Umande nao saa nane ya mchana umekwisha kauka, lakini kilo zinakatwa vile vile. Mama anayepima mara tatu kwa siku ameacha kilo sita mezani pa karani, na yeye analipwa kwa kilo.

Swali la mzee yule nimetembea nalo siku nyingi. Si swali la kijinga, na mzee si kibaraka. Alisema alichokiona kwa macho yake: gari lilikuja, mke akapona. Kwa hiyo nimeona nimjibu hapa, na nitamjibu kwa habari za matajiri Wakristo wa kweli, si wa kujisingizia. Habari zao nilizisikia kwanza katika semina ya viongozi wa matawi, na tangu hapo nimezifuata vitabuni kadiri ya elimu yangu ya shule ya msingi.

Fundisho lenyewe si baya hata kidogo. Kila aliyesoma katekisimu analijua. Usiku ule wa mwisho Yesu aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu wanafunzi wake, kazi ambayo siku zile iliachiwa mtumwa wa nyumba. Na Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, anawaonya matajiri kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Hapo Biblia inazungumza juu ya watu kama sisi, watu wa shamba.

Siku hizi fundisho hilo limeingia hata katika semina za wenye makampuni. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja, Robert Greenleaf, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni kubwa ya simu iitwayo AT&T, alitoa kijitabu juu ya kiongozi aliye mtumishi. Neno lake limeenea dunia nzima. Lakini Greenleaf hakuacha neno tupu, aliweka na kipimo. Aliuliza: wale wanaotumikiwa, je, wanakua? Wanazidi kuwa na afya, maarifa, na uhuru wa kujiamulia mambo yao? Na yule wa chini kabisa katika jamii, hali yake inapata nafuu, au walau haizidi kuharibika? Nimewaona matajiri wengi waliolichukua neno lake, lakini kipimo wamekiacha palepale walipokikuta.

Greenleaf alikuwa wa dhehebu la Marafiki, ambao watu huwaita Wakweka. Wenzetu wa Kenya wanawafahamu vizuri, maana wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Huko Uingereza walikoanzia, desturi yao ni kusali kimya bila padri wala mchungaji. Sheria za zamani za nchi ile ziliwafungia mlango wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, kwa hiyo wengi waliingia katika biashara. Na katika biashara ya chokoleti walitawala kabisa: Fry wa Bristol, Rowntree wa York, na Cadbury wa Birmingham. Huyu wa Birmingham ndiye ninayetaka tumwangalie.

John Cadbury alifungua duka mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Wanawe, Richard na George, wakashika kazi mwaka 1861. George alikuwa na desturi ya kuamka mapema sana kila Jumapili kwenda kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, wafanyakazi maskini wa mjini, na alifanya hivyo karibu miaka hamsini. Huko ndiko alikoona watu wanavyoishi, familia nzima katika vyumba visivyopata jua. Mwaka 1879 ndugu hao wawili wakakihamisha kiwanda kutoka katikati ya mji wenye moshi, wakakijenga shambani, mahali walipopaita Bournville. Wafanyakazi wakapewa viwanja vya michezo na mapumziko ya nusu siku Jumamosi. Kisha kuanzia 1895 George akajenga nyumba, kila moja na bustani yake na miti ya matunda. Hazikuwa za wafanyakazi wake peke yao. Mtu yeyote aliweza kupanga.

Nataka msomaji aliangalie jambo linalofuata. Mwaka 1900 George Cadbury alizitoa nyumba zile, zaidi ya 300, pamoja na ardhi yake ekari 330, akaziweka chini ya amana kwa maandishi ya sheria. Tangu siku ile hazikuwa mali yake tena, wala watoto wake wasingeweza kuzirithi. Hilo ndilo naliita kuosha miguu. Tajiri wa kawaida hujenga kambi akakupa chumba, na siku ukigombana na mnyapara, chumba kimekwenda pamoja na kazi.

Zipo dosari pia, nisije nikaonekana ninampamba. Msichana aliyeolewa hakuruhusiwa kuendelea na kazi pale kiwandani. Alipewa Biblia na ua, akaagwa. Nimewasimulia akina mama wa mashambani habari hiyo, na wote wameniuliza swali moja: mshahara wake ulilipwa na nani baada ya hapo?

Sasa tugeuke upande wa pili. Chokoleti haioti Birmingham. Kakao ya Cadbury wakati ule, karibu nusu yake, ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, koloni la Wareno katika bahari ya magharibi ya Afrika. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa na sheria ya Ureno tangu miaka ya 1870. Kwa hiyo mfanyakazi wa visiwani hakuitwa mtumwa, aliitwa mtu wa mkataba. Alikamatwa au kununuliwa katika nchi ya ndani ya Angola, akatembezwa mwendo wa wiki nyingi hadi pwani, akasimamishwa mbele ya karani, na karani akaandika kwamba mtu huyu kwa hiari yake amekubali kufanya kazi miaka mitano. Miaka mitano ikiisha, mkataba uliandikwa upya. Kurudi kwao hakukuwako. Na watoto waliozaliwa shambani walihesabiwa kuwa wa shamba.

Mwaka 1901 William Cadbury, mtoto wa Richard, aliletewa karatasi ya shamba moja la kisiwani lililokuwa likiuzwa. Katika orodha ya mali, pamoja na mashine na mifugo, walikuwamo wafanyakazi nao, wametiwa bei. Basi tangu siku ile kampuni ilijua, au walau ilikuwa na sababu ya kushuku.

Ikafanya nini? Haikunyamaza, tuseme ukweli. William alikwenda Lisbon kuzungumza na wakubwa wa Kireno, akapewa ahadi. Akazungumza na serikali yake mwenyewe, nayo ikamwomba asubiri. Mwandishi mmoja wa magazeti, Henry Nevinson, alikwenda Angola na visiwani mwaka 1904, akatoa kitabu mwaka 1906 akieleza pingu na mifupa ya watu aliyoikuta njiani. Cadbury kwa upande wake walimtuma mtu wao, Joseph Burtt, lakini kwanza alikaa miezi ajifunze Kireno. Alisafiri mwaka 1905, akarudi mwaka 1907, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1908. Nayo ilisema lile lile, kwamba ule ni utumwa.

Wakati wote huo kampuni iliendelea kununua kakao ya visiwani. Ilisema kwamba ikiacha kununua itapoteza nguvu ya kuwashauri Wareno. Pengine waliamini hivyo kweli. Lakini mwaka mmoja wa kushauriana Birmingham ni mwaka mmoja wa jembe kwa mtu wa São Tomé, na hiyo ilikuwa miaka minane.

Linalonikera zaidi ni kwamba katika miaka ile ile George Cadbury alikuwa na gazeti lake mjini London, Daily News, na gazeti hilo lilipigana vita vizuri sana kwa ajili ya wanyonge. Mwaka 1906 lilifanya maonyesho makubwa kuwaonyesha watu jinsi akina mama wanavyoshona na kubandika visanduku majumbani kwao kwa senti chache, na maonyesho yale yalisaidia kuleta sheria ya mwaka 1909 ya kuweka mshahara wa chini katika kazi za namna hiyo. Lilipiga kelele pia juu ya Wachina waliokuwa wakitumikishwa katika migodi ya Afrika Kusini. Macho yalikuwa makali kabisa kwa kila dhuluma, isipokuwa ile iliyokuwa ikipita katika vitabu vyake vya hesabu.

Septemba 1908 gazeti jingine, Standard, likawachoma hadharani kwa neno hilohilo, kwamba ni wanafiki. Cadbury wakalishtaki gazeti kwa kuwavunjia heshima. Machi 1909, kabla kesi haijasikilizwa, wakatangaza pamoja na Fry na Rowntree kwamba hawatanunua tena kakao ya visiwa vile. Kesi ikasikilizwa Birmingham, na Desemba 1909 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba kweli Cadbury wamekashifiwa. Wakapewa fidia. Kiasi gani? Farthing moja, robo ya peni. Pauni moja ilikuwa na farthing 960. Wazee wale, watu wa mji uleule uliokuwa ukila mkate wa Cadbury, hawakusema zaidi ya hapo, na walieleweka.

Baada ya hapo kampuni ilielekea Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana, ambako kakao ililimwa na wakulima Waafrika katika mashamba yao wenyewe. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo mwaka 1937 makampuni yanunuayo, na Cadbury wakiwamo, yalipatana bei kwa siri ili yasishindane, na wakulima wakagoma kuuza tangu Novemba 1937 hadi Aprili 1938. Wengine walichoma kakao yao kuliko kuiuza kwa bei ile.

Jirani zetu wa Kongo wanaye tajiri wao wa kusimulia. William Lever, mtu wa kanisa, mwenye sabuni ya Sunlight, alijenga mwaka 1888 mji mzuri wa wafanyakazi karibu na Liverpool. Wafanyakazi walipouliza habari ya kugawana faida, aliwaambia kwa maana hii: nikiwapa fedha mtazinywa na kuzila, afadhali mniachie mimi niwatengenezee maisha mazuri. Mwaka 1911 alifanya mkataba na serikali ya Kibelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi, na kituo kimoja kwenye mto Kwilu kikaitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Mkataba ulitaja hospitali, shule, hata mshahara wa chini. Lakini ulitiwa sahihi na kampuni na serikali, na mkwea michikichi hakuulizwa neno. Watu walikusanywa kwa nguvu, wakisukumwa na kodi, na machifu, na askari. Mwaka 1931, Lever akiwa amekwisha kufa miaka sita, bei ya matunda ya michikichi ilishushwa, na Wapende wakaasi. Waliouawa walizidi 500.

Sasa, mzee wangu wa kofia, naamini utaona ninakoelekea. Sisemi Cadbury walikuwa waongo katika imani yao. Mtu hawezi kuamka alfajiri kila Jumapili kwa miaka hamsini kwa uongo. Ninasema kwamba aliyemwona kwa macho alimtumikia, na asiyemwona alimchelewesha. Mfanyakazi wa Bournville aliweza kumsimamisha George Cadbury njiani akamweleza shida yake. Mtu wa São Tomé alimsimamisha nani? Hakuwa na sauti iliyofika, na waliomsemea walikuwa watu wa kutumwa, waliokwenda na kurudi polepole. Mama wa kilo sita yuko mahali pale pale. Tajiri wako anasali nawe Jumatatu, lakini siku sita za juma mama yule anakutana na karani.

Na liko jambo la mwisho katika habari ya Cadbury, la juzi tu. Mwaka 2010 kampuni ilinunuliwa na Wamarekani, Kraft. Walipokuwa wakitafuta kununua, walisema wanatumaini kukiacha wazi kiwanda kimoja cha zamani cha Fry karibu na Bristol, ambacho Cadbury walikuwa wamepanga kukifunga. Walipokwisha kununua, haikupita hata wiki moja, wakatangaza kwamba kitafungwa. Kazi ikahamia Poland. Wale mia nne waliokuwa na kazi pale walibaki na tumaini la magazetini, kwa kuwa halikuwa mkataba. Wasimamizi wa ununuzi wa makampuni waliikemea Kraft, na kukemewa si mshahara. Lakini nyumba za Bournville zilizoandikwa mwaka 1900 zipo hadi leo chini ya amana ileile, Kraft asiweze kuzigusa wala kuzitia bei.

Gari lililompeleka mke wako hospitali, mzee, lilitoka moyoni mwa mtu mmoja. Nami namshukuru. Shamba likiuzwa kesho, mnunuzi hanunui na moyo huo. Tukiandika katika mkataba kwamba mgonjwa hupelekwa kwa gari la shamba, usiku au mchana, bila kukatwa, hapo mnunuzi amelinunua pamoja na chai.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwake, mimi na wajumbe watatu wa kamati ya muda, mmoja wao yule mama wa kikapu. Alitupokea vizuri, tukapewa chai na viti. Tukamweleza habari ya kilo mbili. Akahuzunika sana, akasema tunamwona mwizi, naye hajawahi kumwibia mtu. Nikamjibu, "Bwana, hatukusema wewe ni mwizi. Tunasema mizani imetupa kisogo." Akasema karani wake ni muumini, anamwamini. Yule mama akamwuliza, kwa adabu kabisa, kama aliwahi hata siku moja kukipima kikapu kitupu. Tajiri akanyamaza. Nadhani hakuwahi. Na nadhani, hili ni wazo langu, kwamba aliumia kwa swali lile kuliko ambavyo angeumia kwa mgomo.

Barua tumemwachia. Tunaomba uso wa mizani ugeuzwe ili mchumaji naye asome. Kikapu kitupu kipimwe mbele ya watu na ukatwe uzito wake halisi, na mambo ya umande yakatwe asubuhi tu, tena kwa kiasi tutakachopatana. Na mchumaji mmoja, atakayechaguliwa na wachumaji wenyewe, asimame kando ya karani na daftari lake. Kama yeye ni mtumishi wetu, hakuna hapo la kumvunjia heshima. Mtumishi wa duka hutoa hesabu kila jioni wala haoni aibu.

Alisema ataliombea jambo hili, na atatujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Waliochukua kadi katika shamba lile sasa ni 41. Mzee wa kofia bado hajachukua. Mke wake amechukua.